Mgeni Anayejiita Kunda

Stanislas alifika Katuba asubuhi, siku ambayo Wivine alikuwa amejiapiza kwamba hatagusa simu ya mtu yeyote. Mwanamke huyu alikuwa amechoka, na si uchovu wa jana. Kulala alilala, kula alikula, lakini kila siku aliamka na mwili mzito kama shuka iliyosahauliwa ndani ya beseni la maji. Tangu kaka yake Clément afariki, mzigo wote wa Jirani ulikuwa umemwangukia yeye, na Jirani haukuwa mzigo wa mtu mmoja.

Jirani ni programu aliyoitunga Clément mwenyewe. Wengi waliidhania kampuni, kumbe ilikuwa ukaidi wa mtu mmoja tu aliyekataa kabisa kwamba ujumbe wa kutoka Katuba kwenda Kamalondo, mwendo wa miguu, lazima uzunguke kwanza Ulaya. Katika Jirani hakuna mashine kubwa iliyokaa katikati. Kila simu na kila kompyuta huibishia hodi nyingine moja kwa moja, na zikishindwa kukutana, hubebeana mizigo: yangu hubeba bahasha yako, yako hubeba yangu, na bahasha haifunguki ila kwa ufunguo wa mwenyewe. Familia nyingi za mjini zilikuwa zimeipenda. Sasa programu ikigoma, wanamwita nani? Wivine. Hata Jumapili walimngoja nje ya kanisa, simu mkononi, nyuso zimekunjamana kama yeye ndiye aliyeziharibu.

"Yambo, yaya," Wivine alimsalimu Stanislas, bila kuinuka.

Neno hilo bado lilimkwama kooni. Yaya ni kaka mkubwa, na Stanislas alikuwa mtoto wa dada yake, kijana ambaye yeye mwenyewe alimfuta kamasi. Lakini kwao, upande wa Lukafu, mtu mzima akifa jina lake haliachwi likitangatanga. Mwisho wa matanga ukoo hukaa, humchagua mpwa, humkabidhi mshipi wa marehemu, jembe lake na kikombe cha maji, na kuanzia hapo mpwa huyo ndiye marehemu. Desturi hiyo huko huitwa kupyana. Stanislas alikuwa amempyana mjomba wake Clément Kunda. Basi kijana anayepokea wateja kwenye baa moja ya Karavia, ambaye hata tai yake hufungiwa na mkewe, akawa kaka mkubwa wa Wivine na mtoto wa kwanza wa bibi yake mwenyewe. Wivine alilikubali jambo hilo kwa moyo mmoja. Ulimi ndio uliochelewa kuzoea.

"Yambo, mama... yambo, Wivine." Naye alijikwaa palepale. "Nilikuya juu ya téléphone yangu. Inayala. Hata photo moja haingie tena. Bénie anasema naficha mule bapicha ya banamuke bengine."

"Na unabaficha?"

Stanislas alijikaza, akavaa uso wa mtu mzima. "Miye niko Kunda. Kunda hakufanyaka bile bintu."

Wivine alicheka, mara ya kwanza juma lile. Akamwonyesha kiti, akaipokea simu.

Picha za wanawake hazikuwamo. Zilikuwamo picha chache za mkewe Bénie, ya gari la mteja fulani tajiri, na za sahani za samaki. Kilichoijaza simu kilikuwa kitu kingine: bahasha za Jirani, rundo zima, zote zimefungwa. Simu ilikuwa imezipokea kwa adabu, ikashindwa kuzifungua, ikakaa nazo ikingoja. Kila moja iliandikwa juu yake kwamba inakwenda kwa Kunda. Na kila moja ilitoka kwa Wivine.

Alijua vizuri ndani mna nini. Mlikuwa na sauti yake mwenyewe, siku baada ya siku, ikimwomba mama yake msamaha.

Mama yao, Marie-Thérèse, alikaa Lukafu, analima. Simu za kawaida hazikushika nyumbani kwake, kwa hiyo Clément alipandisha antena juu ya kilima, na ndani ya nyumba akamwekea kisanduku kinachokula umeme wa jua. Kisanduku kilikuwa na kitufe cha kusema na kitufe cha kusikiliza, basi, maana mama hakusoma. Watu wote walimjua kwa jina la Mama Kunda, kwa ajili ya huyo mtoto wake wa kwanza, na Clément alipofika mahali pa kukiandikia kisanduku jina ndani ya Jirani, aliandika tu Kunda. Simu yake mwenyewe aliiita Clément, kama walivyomwita wazungu wa kazini. Hakuna aliyeona tatizo, kwa sababu siku hizo halikuwapo.

Baada ya matanga Wivine alimwambia mama yake wahamie wote mjini. Mama akasema, "Na kaburi ya mwana yangu nitaachia nani?" Wivine alikuwa amepika na kuosha vyombo vya waombolezaji mpaka miguu ikavimba. Akajibu neno ambalo hata sasa lilimchoma: "Basi, ubakie na kaburi yako." Alfajiri alipanda lori la mkaa bila kuaga, bila kula.

Tangu alipofika Katuba alikuwa akituma ujumbe. Kila alipotuma, mashine ilimwonyesha neno moja, imefika, na kila mara alisubiri jibu ambalo halikuja. Alianza kwa kuomba radhi, akaendelea kwa kueleza habari za mjini, akamaliza kwa kusema tu, "Mama, niko." Kabla mvua haijaikata barabara, dereva mmoja aitwaye Ephraïm alimletea gunia la unga kutoka kwa mama.

"Hakusema kintu?" Wivine alimuuliza.

"Hapana. Alisema tu: pelekea Wivine."

Alisonga bukari ya unga ule huku machozi yakimtoka. Alijua mama anamlisha kama mtu anavyomlisha mtoto wake hata akiwa amemnunia. Kumtuma Ephraïm maneno aliona haya. Utamwambiaje dereva, katikati ya magunia ya mkaa, jambo kama lile? Na kwenda mwenyewe aliogopa. Angefika, akakuta kweli hatakiwi, angerudi na nini?

"Wivine, kuko nini?" Stanislas aliuliza. "Téléphone inakufa?"

"Téléphone yako iko muzima. Miye njo niko mujinga."

Akamweleza, naye akamsikiliza mdomo wazi. Siku ya kupyana, mshipi ulipokwisha kufungwa na maji kunywewa, baba mukubwa Chisanga, mwenye sauti kuliko wazee wote, alikuwa ameuliza mbele ya watu: "Na mu réseau je? Jina ya Kunda iko kwa nani?" Wazee wakaridhika kwamba hilo ni swali la maana. Haifai jina likabidhiwe mtu huku, halafu kule kwenye mtandao libaki ukiwa. Wote wakamgeukia fundi, Wivine. Fundi alikuwa hajakaa kitako tangu kulipopambazuka. Aliichukua simu ya Stanislas, akaiandika Kunda, akathibitisha kwa ufunguo wa ukoo unaoruhusu jina lihamishwe. Jirani ikamuuliza kama ana hakika. Akabonyeza ndiyo, kama anavyobonyeza mtu anayetaka kwenda kulala. Vigelegele vikapigwa.

Kisanduku cha mama kilikuwa palepale kwenye rafu, mkono unafika. Hakuna aliyekikumbuka, na wa kukikumbuka alikuwa yeye.

Sheria ya Jirani ni jina moja, mashine moja, na aliyekabidhiwa mwisho ndiye mwenyewe. Kuanzia siku ile, kila Wivine alipomtafuta mama yake, mashine ilitafuta jina Kunda, ikalikuta Karavia mfukoni mwa mhudumu wa baa. Bahasha zilifungwa kwa ufunguo wa zamani wa kisanduku, lakini njia zilifuata jina. Sehemu hizo mbili za programu hazikuwa zikisemezana. Clément alisema siku zote kwamba atazipatanisha, akafa kabla.

"Basi bile bintu byote biko bya nkambo," Stanislas alisema. Akajirekebisha: "Bya mama yetu."

"Byote."

"Na yeye? Kama alijibu, maneno yake ilienda wapi?"

"Hakujibu," Wivine alisema haraka.

Kisha akaigeukia kompyuta yake polepole, kama mtu anayesikia maji yanamwagika chumba cha pili na hataki kwenda kutazama.

Kumbukumbu za mashine huandikwa mstari kwa mstari, na Wivine alikuwa na mistari mingi ambayo hakutaka kuisoma. Mara tu baada ya matanga kompyuta ilianza kulia na kuandika kwa rangi nyekundu: Mgeni anajiita Kunda. Ufunguo si wake. Amekataliwa. Ililia asubuhi, ikalia mchana. Wivine alidhani ni mhuni fulani anayelichezea jina la marehemu. Alimlaani mhuni huyo kwa sauti, akamlilia kaka yake, mwishowe akachoka akaizima kengele. Mashine haikuacha kazi yake. Iliendelea kumkatalia mgeni, kimyakimya.

Alifungua mistari ile sasa, akaisoma yote. Ufunguo wa mgeni aliujua. Aliwahi kuunakili kwa mkono wake siku walipokiwasha kisanduku mara ya kwanza, mama akicheka kwamba sasa nyumba yake ina mdomo.

Mwanzoni kisanduku kilikuwa kimebisha kila baada ya muda mfupi. Clément alikuwa amekifundisha adabu: ukikataliwa, ngoja kidogo kabla ya kubisha tena, ukikataliwa tena, ngoja zaidi, usimsumbue mwenye nyumba. Kwa hiyo kilikuwa kimengoja, kikabisha, kikangoja zaidi, mpaka sasa kilibisha mara moja tu kwa siku, mchana, jua likiwa limekijaza nguvu. Kila siku mchana mama yake alikuwa amesimama mlangoni. Kila siku Wivine alikuwa ndani, akinung'unika kwamba mama hasemi.

Aliweka kichwa juu ya meza akalia. Hakulia kwa adabu. Alilia kwa kwikwi, mabega yakitikisika, na Stanislas akasimama pale asijue afanye nini, maana mpwa hamshiki mama yake mdogo hivi hivi. Kisha ni kama alikumbuka yeye ni nani. Akaweka mkono juu ya kichwa cha Wivine, akausimamisha hapo.

"Lia, mudogo wangu," alisema. "Ulie. Kisha utengeneze."

Clément ndivyo angesema. Wivine alijifuta uso kwa kanga, akatengeneza.

Njia fupi ilikuwa moja: kulifuta jina Kunda kwenye simu ya Stanislas na kulirudisha kwenye kisanduku. Aliponyoosha mkono kuichukua simu, Stanislas aliiwahi, akaikumbatia kifuani.

"Unanivula jina?"

"Ni mu téléphone tu, yaya."

"Ni weye ulikubali mbele ya bantu kama ya mu téléphone na ya mu muntu ni kintu moja. Balipiga na vigelegele. Ukiondosha jina, Kunda anakufa tena. Utamwambia mama nini? Alinishika mukono, akaniita mwana yangu."

Wivine alitaka kukasirika, akakuta hana nguvu ya hasira, na tena kijana alikuwa na haki. Jina lilikwisha kabidhiwa. Mama mwenyewe alilikabidhi. Kisanduku ndicho kilichopaswa kupata jina jingine, lake.

Akafungua orodha ya majina yote ya Jirani ili asije akachukua la mtu. Yalikuwamo majina ya maduka, ya kwaya, ya watoto wachanga, hata jina la mbwa wa profesa mmoja. La mama yake halikuwamo. Miaka yote hiyo mama alikuwa amesema na dunia kwa jina la mtoto wake, na hakuna mtoto wake hata mmoja aliyefikiri kumwandika. Wivine aliandika Marie-Thérèse, herufi kwa herufi, akalifunga jina hilo na ule ufunguo wa zamani. Akaondoa katazo mlangoni. Akazigeuza bahasha zilizokwama Karavia zielekee Lukafu.

Kisha akajaribu kubisha yeye mwenyewe. Hakuna aliyeitikia, kwa kuwa antena ya kilimani ilikuwa imebadilisha anwani tangu zamani, na mashine ya kumwambia anwani mpya ilikuwa hicho kisanduku chenyewe. Ilibidi wangoje kibishe. Na huko nje mawingu ya masika yalikuwa yamekaa juu ya Katuba. Kama na Lukafu yalikuwa hivyo, kisanduku kingelala siku nzima.

Wakangoja. Stanislas alipiga simu kazini akasema atachelewa. Bénie akampigia kuuliza yuko wapi. "Niko kwa ndugu yangu mwanamuke," akamjibu, na kutoka ndani ya simu ikasikika sauti ya Bénie ikiuliza ndugu gani huyo asiyemjua. Wivine alimnyang'anya simu akamweleza mwenyewe. Alipika maharage, hakuna aliyeyagusa.

Mchana mstari mpya uliandikwa kwenye kioo, bila kengele, maana kengele alikuwa hajaiwasha. Marie-Thérèse anabisha.

Wivine alisimama, ingawa hapakuwa na sababu ya kusimama. Mlango ulifunguka. Sauti za mama zikaanza kuingia, moja moja, ya zamani kwanza.

"Wivine, ulifika muzuri? Ulienda bila kukula. Nilikuwa nimekuwekea viazi mu kitambaa, viko hapa tu."

Hiyo ilikuwa ya siku ileile aliyoondoka. Wivine alijishika mdomo. Ya pili mama aliuliza kama kitu hiki kinasikia. Ya tatu alisema mvua imeanza. Nyuma yao foleni ilikuwa ndefu, na pembeni alama ya betri ya kisanduku ilikuwa nyekundu tayari. Kwa mwendo ule kingezimika kabla hata ya kufikia sauti za Noeli. Wivine akairukia ya mwisho, ya jana.

Mama hakuwa tena akisema naye.

"Kunda, mwana yangu," sauti ilisema, nzito, ya mtu aliyechoka kuliko Wivine. "Weye uko na njia zako. Umwambie dada yako, miye sijue tena namna ya kumwambia. Nimesema mpaka mudomo inauma. Labda nilimukosea ile siku, sijue. Kesho nitasema mara moja tena. Kisha nitaacha, nisimusumbue."

Stanislas aligeuza uso ukutani. Kesho ya mama ilikuwa leo.

Hapo Wivine alifanya jambo ambalo fundi yeyote angemkemea. Alisimamisha foleni yote. Sauti za mama zilizobaki, na msamaha wake mwenyewe wa miezi mizima, alivisukuma vyote nyuma. Akabonyeza kitufe.

"Mama, ni miye. Maneno yako haikufika. Machine yangu ilikufungia mulango, na miye njo niliiambia ifunge, bila kujua. Haukukosa kintu. Miye njo nilikosa. Mama, kama uko karibu, ujibu."

Akaituma ipite mbele ya zote. Imefika, mashine iliandika. Wivine aliitazama alama ile kwa chuki. Ilikuwa imemdanganya tangu msimu wa kiangazi. Stanislas alisogea akasimama karibu naye. Huko nje watoto wa jirani walikuwa wakigombana juu ya ndoo.

Alama ikabadilika. Inasikilizwa.

Betri ilipungua tena. Wivine alimwona mama yake mbele ya rafu, mikono ina udongo, hajui afurahi au atukane, na alikuwa tayari kwa lolote kati ya hayo. Aliomba hata atukanwe.

Sauti ikaingia. Nyuma yake kuku walikuwa wakilia, na mama alisema kama mtu aliyeachana nawe asubuhi tu, ukatoka kwenda sokoni.

"Wivine? Ile bunga, ilifika?"

Stanislas alicheka na kulia kwa pamoja. Wivine alibonyeza kitufe kwa vidole viwili, maana kimoja hakikutosha.

"Ilifika, mama," alisema. "Tuliikula. Ilifika."

Akakaa akiitazama alama mpaka ikaandika kwamba mama amesikia.